Jina kwenye daftari la bandari

Mtalii anayetoka Goma na kufika Bukavu kwa boti hajavuka mpaka wowote. Ametoka Kivu ya Kaskazini akaingia Kivu ya Kusini, inchi ni moja, bendera ni moja. Hata hivyo, akishakanyaga bandari anaombwa paspoti, anaangaliwa viza, anaonyesha kadi ya manjano ya chanjo, kisha jina lake linaandikwa katika daftari kubwa. Jina hilohilo liliandikwa jana alipopanda boti kule Goma. Liliandikwa pia mpakani alipotoka Rwanda. Kabla ya kumuona gorila hata mmoja, mgeni amekwisha kuandikwa mara tatu.

Kuna papa mmoja wa Kadutu anayezijua daftari hizo vizuri. Kwa zaidi ya miaka kumi alikuwa kiongozi wa watalii. Wageni walimwita gidi, na vijana wa bandari nao wakamwita hivyo, Papa Gidi, mpaka watoto wake wakaanza kutaniwa kwa jina hilo shuleni. Hakuwa na ofisi. Alikuwa na telefone, gari la kukodi la rafiki yake, na mfuko wa plastiki wenye fotokopi. Kazi yake ilikuwa kumpokea mgeni bandarini na kumfikisha Tshivanga, kwenye kituo cha Hifadhi ya Kahuzi-Biega, kiasi cha kilometa 30 kutoka mjini, kabla wapiga njia hawajaingia msituni.

Watu wanadhani kazi ya gidi ni kujua majina ya miti na ya wanyama. Papa huyo husema kwamba nusu ya kazi ilikuwa karatasi. Gorila haziogopi saa, lakini hifadhi ina saa yake. Asubuhi wageni wanapokelewa, wanafundishwa sheria, wanagawanywa kwa makundi, wanaondoka. Watakaa na gorila saa moja tu, wamevaa barakoa, mbali ya meta saba. Mgeni aliyebaki bandarini akibishana juu ya muhuri anakuta wenzake wamekwenda. Pesa za kibali amelipa, lakini msitu hakuuona. Na gidi aliyemleta hapati mgeni mwingine kwa njia yake.

Kwa hiyo alijifunza kufanya bandari kabla ya bandari. Wiki mbili mbele, aliomba picha ya paspoti na ya viza. Aliangalia kwanza tarehe, kisha idadi ya kuingia. Hapo ndipo wengi walianguka. Mtu ana viza ya kuingia mara moja, anafika Goma, anasikia hoteli za Gisenyi ni nzuri, anavuka kwenda kulala Rwanda usiku mmoja. Asubuhi anarudi mpakani, viza imekwisha kazi yake. Papa Gidi aliwaandikia wageni wake kwa Kifaransa, kwa herufi kubwa: ukiingia Kongo, baki Kongo mpaka safari yetu iishe.

Baada ya hapo aliuliza kadi ya manjano. Chanjo ya homa ya manjano inahesabiwa kuwa halali siku kumi baada ya kuchomwa sindano, si siku ileile. Tangu mwaka wa 2016 kadi moja inatosha maisha yote, lakini wageni wengine walikuja na kadi ya zamani iliyoandikwa miaka kumi, na hapo ilibidi kueleza polepole, bila sauti kubwa. Papa huyo alikuwa na kanuni yake: mtu wa meza akikosea, usimwambie amekosea. Mwambie, «Chefu, tuangalie pamoja.»

Asubuhi ya siku ya wageni alifika bandarini giza halijaisha. Boti kubwa zilizosafiri usiku zilikuwa zinakaribia, taa zake zikionekana mbali juu ya maji. Alisalimia kila meza kwa zamu: watu wa uhamiaji, watu wa afya ya mipaka, watu wa ziwa. Aliuliza habari za watoto. Aliacha fotokopi mbele ya kila mmoja ili majina yaanze kuandikwa kabla mgeni hajashuka.

«Papa Gidi, leo unatuletea wangapi?»

«Wawili tu, Chefu. Ni wazee. Tusiwasimamishe sana.»

Wazee hao wawili walikuja mwezi wa saba mwaka wa 2019. Walikuwa mume na mke kutoka Ubelgiji, wastaafu. Kipindi hicho Ebola ilikuwa imefika Goma. Bandarini kila mtu alinawa mikono kwa maji yenye klorini, akapimwa joto la mwili kwa kifaa kilichoelekezwa kwenye paji la uso, ndipo akaenda kwenye daftari. Msitari ulikuwa mrefu kuliko kawaida. Papa Gidi aliwatafutia wageni wake benchi, akasimama karibu nao, akiangalia saa kila mara.

Mama huyo hakulalamika. Alimweleza kwamba yeye na mumewe walizoea bandari, kwa sababu kila baada ya miaka michache walisafiri kwa meli kubwa za kitalii, zile zinazobeba watu elfu mbili au tatu na kutua mji huu leo, mji ule kesho. Papa Gidi hakuwahi kuona meli kama hiyo ila kwenye televisheni. Akauliza, kama mtu wa kazi anavyouliza mtu aliyeona kazi hiyo kwingine: watu elfu tatu wanapita vipi kwenye meza moja?

Mama akamweleza. Kumbe hawapiti kwenye meza, wengi wao. Meli ingali baharini, orodha ya abiria imekwisha kutumwa bandarini kwa wakala wa meli: jina, taifa, tarehe ya kuzaliwa, namba ya paspoti. Kuna hata fomu ya kimataifa ya orodha hiyo, inayotokana na mkataba wa mwaka wa 1965 uliofanywa ili kupunguza karatasi za bandarini. Meli inayoingia kutoka inchi nyingine, kwa desturi ya zamani, inapandisha bendera ya manjano kusema: hatuna ugonjwa, tunaomba ruhusa. Maafisa wa inchi wanapanda melini, wanakaa na orodha, wanagonga mihuri yao, wakati abiria wanakunywa chai. Katika inchi zenye sheria kali kila mtu anaitwa na paspoti yake uso kwa uso. Kwingine sauti inatangaza tu kwamba meli imeruhusiwa, na watu wanashuka.

Chini, nje ya geti, wanasimama watu kama Papa Gidi. Wana karatasi zenye majina ya wageni wao, wameziinua juu. Mgeni aliyenunua matembezi ya meli yenyewe hana wasiwasi, kwa sababu akichelewa njiani meli itamngoja. Lakini yule aliyemchukua gidi wake binafsi hangojewi. Saa ya kuondoka ikifika, meli inaondoka, na yeye atajitafutia njia mpaka bandari inayofuata. Kwa hiyo magidi wa huko, mama alisema, wana ugonjwa uleule wa kuangalia saa.

Papa Gidi alicheka. Halafu mama akataja kitu kingine, kidogo, kama mtu anayemalizia hadithi. Kila abiria ana kadi. Akishuka, kadi inagusishwa kwenye mashine mlangoni, mashine inalia. Akirudi, inalia tena. Jioni, kabla ya kamba kufunguliwa, melini wanajua bila kuuliza ni nani ambaye hajarudi. Wanalijua jina lake, wanaijua sura yake.

Wakati huo, upande wa pili wa bandari, boti ndogo za mbao zilikuwa zinashusha watu kutoka Idjwi na kutoka vijiji vya Kalehe. Mama wenye ndizi, mama wenye maharagwe, vijana wenye mbuzi, watoto mgongoni. Waliruka kwenye mawe, wakabeba mizigo yao, wakapanda kilima kuelekea soko. Mama yule wa Ubelgiji aliwaangalia kwa muda. Miezi mitatu tu ilikuwa imepita tangu boti moja izame karibu na Kalehe, mwezi wa nne mwaka huohuo, na watu wengi sana hawakuonekana tena. Rais Félix Tshisekedi alitoa agizo kwamba kila abiria wa ziwa avae jile ya kuogelea. Labda mama huyo alisoma habari hiyo, labda hakusoma. Aliuliza tu:

«Bwana, na hawa, wanaandikwa wapi?»

Papa Gidi alijibu haraka, kama mtu anayejibu jambo la wazi: «Hawa ni watu wa hapa.»

Muhuri ukagongwa. Wakaingia garini, wakapita Miti, wakafika Tshivanga kwa wakati. Wageni waliwaona gorila wa Grauer, wale ambao makao yao ulimwenguni ni Kongo ya mashariki peke yake. Waliwaona dume mwenye mgongo wa fedha amekaa, akila majani bila haraka, na watoto wakipanda juu yake. Walifurahi, wakalia kidogo, wakatoa zawadi nzuri. Kwa gidi, hiyo ilikuwa siku iliyokwenda sawa. Lile swali halikumsumbua kwa miaka mitano.

Lilirudi tarehe 3 mwezi wa kumi mwaka wa 2024.

Watu wa Goma na Minova wanaikumbuka tarehe hiyo. Tangu mwanzo wa mwaka ule, vita ilikuwa imekata barabara ya Goma, Sake na Minova. Vyakula vya Minova vilivyolisha Goma havikuwa na njia nyingine ila maji. Barabara ilipofungwa, watu hawakuacha kula, kwa hiyo magunia yalihamia kwenye boti, na wenye magunia wakapanda juu ya magunia. Asubuhi hiyo boti iliyoitwa Merdi ilitoka Minova. Ilikuwa imekaribia kabisa bandari ya Kituku, watu waliokuwa ufukoni wakinunua sambaza waliiona kwa macho yao, ndipo ikalala upande, ikapinduka.

Gavana wa Kivu ya Kusini alitaja watu 278 waliokuwa ndani na 78 waliokufa. Hesabu nyingine za wakubwa zilizofuata zilikuwa ndogo zaidi. Familia zilikuwa na hesabu zao. Ilikuwaje hesabu ya watu waliokufa mchana, mbele ya mji mzima, ishindikane kupatana? Jibu lake ni fupi. Hakuna aliyekuwa na orodha kamili ya waliopanda. Hesabu ilianzia kwenye maiti zilizotolewa, na ziwa halikutoa zote.

Mke wa mdogo wake Papa Gidi alikuwa mchuuzi wa maharagwe kati ya Minova na Goma. Asubuhi hiyo alimpigia mumewe simu akasema anatafuta boti. Hakusema ni boti gani. Jioni telefone yake haikulia. Papa Gidi alikuwa Bukavu. Akaanza kufanya kitu anachokijua, yaani kupigia simu watu wa bandari. Aliuliza Kituku, akauliza Minova, akauliza makarani aliowajua kwa miaka mingi, wale aliowapa fotokopi na kuwauliza habari za watoto. Wote walimwonea huruma. Mmoja alimwambia kweli yenye uchungu: «Papa Gidi, angekuwa mzungu ningekuambia alipanda saa ngapi.»

Familia ilikwenda hospitali, ikaenda chumba cha maiti, ikarudi ufukoni siku ya pili na ya tatu. Mwili haukuonekana. Hapo tatizo lingine likaanza, lile ambalo watu wa mbali hawalijui. Bila mwili na bila orodha, shemeji huyo hakufa kwenye karatasi yoyote. Alipotea tu. Wengine katika familia ya upande wake walisema labda alipanda boti nyingine, labda alikimbilia mahali, labda vita ilimfungia njia. Mama yake alikataa matanga. Huwezi kumlilia mtu, alisema, kama hakuna aliyemwona akipanda. Watoto watatu walikaa kati ya kilio na tumaini, na tumaini la namna hiyo ni baya kuliko kilio. Mpaka leo mdogo wake Papa Gidi, akijaza fomu ya shule mahali palipoandikwa mama, anasimama na biki mkononi.

Ndipo swali la yule mama wa Ubelgiji likapata uzito. Papa Gidi alianza kulisema kwa watu, akiwa amekaa mbele ya nyumba yake. Alisema aliheshimu daftari la bandari kwa miaka kumi, akalikasirikia, akalitolea heshima na soda, akidhani kazi yake ni kumsumbua mgeni na kutafuta pesa. Lakini daftari hilo lilikuwa pia kama mlinzi. Mgeni aliyeandikwa mara tatu hawezi kupotea bila mtu kuuliza. Balozi atauliza, hoteli itauliza, hifadhi itauliza. Mtu wa hapa, katika inchi yake, anapanda na kushuka kama hewa.

Wasikilizaji hawakukubaliana naye wote, na walikuwa na sababu. Jirani mmoja, mzee aliyeona vita tangu mwaka wa 1996, alimkatiza. Katika Kivu, alisema, orodha ya majina imekwisha kuua watu. Anakuja huyu na bunduki, anauliza orodha. Kesho anakuja mwingine, anauliza orodha ileile, lakini kwa sababu nyingine. Jina linaonyesha kabila, linaonyesha kijiji. Na pale orodha haiui, inaleta kodi. Mama mwenye magunia mawili ya maharagwe anaogopa biki kuliko mawimbi. Ukimwambia aandikwe kwa ajili ya usalama wake, atakuuliza usalama huo unauzwa bei gani.

Papa Gidi alilala na maneno hayo. Aliona kwamba mzee hakukosea. Alijiuliza tofauti ya orodha ya meli ile kubwa na daftari la bandari ni nini, akaipata kwenye kile kitu kidogo alichosimuliwa, ile kadi inayolia. Orodha ya meli inamfuata mtu ili arudi, na mtu ndiye mwenye safari. Wale wa melini wanaihesabu wenyewe kabla ya kufungua kamba, kwa sababu wao ndio watakaoulizwa. Hapa kwetu orodha inakaa kwa yule asiyesafiri.

Vita ilifika Goma mwezi wa kwanza mwaka wa 2025, na Bukavu mwezi uliofuata. Habari za watalii ziliisha. Mfuko wa fotokopi uko bado juu ya kabati. Papa Gidi sasa anakwenda Idjwi kununua mananasi na kuyauza Bukavu, na boti anazopanda ni zile za mbao.

Safari ya kwanza alichukua kaye ya shule na biki. Kabla boti haijasukumwa, alimwomba mwenye boti ruhusa, akaanza kuuliza majina. Watu walinyamaza. «Unaandikia nani?» kijana mmoja aliuliza. Akajibu: «Siandikii mtu. Nitapiga picha ukurasa huu, nitamtumia binti yangu aliye Bukavu. Tukifika wote, binti anaifuta mbele yangu, na ukurasa nitampa mama yeyote awashie mbabula. Tusipofika, anajua ni nani wa kuulizwa.»

Siku ile waliandikwa watu sita kati ya watu zaidi ya thelathini. Safari iliyofuata walikuwa kumi na moja. Wengine walitoa jina moja tu, wengine namba ya telefone ya mtu wa nyumbani bila jina, na hilo pia lilitosha. Mwenye boti alichukia mwanzoni, kwa sababu orodha inaonyesha pia kwamba watu wamezidi. Papa Gidi hakubishana naye. Alisema, «Chefu, tuhesabu pamoja.» Siku moja walipohesabu, mwenye boti mwenyewe aliwaambia vijana wanne wangojee boti ya nyuma. Siku nyingine hakufanya hivyo, na walisafiri wakiwa wamebanana, maji yakigusa ukingo.

Kaye moja ni franka chache. Haihitaji serikali, haihitaji mradi. Lakini mtu mmoja na biki yake hawezi kufanya kazi ya ziwa lote, na boti zinazotoka asubuhi ya leo kutoka Kalehe, Minova, Idjwi na Kituku ni nyingi. Wenye boti wanaweza kuanza kesho, kila mmoja na ukurasa wake, akiuacha kwa mtu wa ufukoni kabla ya kuondoka. Vyama vyao vinaweza kukubaliana kwamba ukurasa huo haupewi mtu mwenye silaha wala mtu wa kodi, na kwamba unachomwa boti ikifika. Na wakubwa wa bandari, wanaojua sana kuandika jina la mgeni, wanaweza kuuliza kabla ya kila boti kuondoka swali moja tu: ni wangapi, na nani anajua majina yao?

Wiki iliyopita, kwenye boti ya kutoka Idjwi, mama mzee aliyekaa juu ya gunia la mananasi alimwita Papa Gidi mwenyewe. Alimtajia jina lake. Alipoona limeandikwa, akamshika mkono na kumwambia aongeze jina la baba yake na la kijiji chake, kwa sababu wenye jina kama lake ni wengi pale kisiwani, na hataki siku ile wamlilie mwingine.